Breki Kaachishwa Ulezi

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Kanisa liliponunua viti vya sponji, Lucius kinyozi akalichukua akaliweka nje ya saluni yake pale Orange Mound, mtaa wa watu weusi mjini Memphis, Marekani, mgongo ukutani na uso kwenye kituo cha basi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeomba dua juu yake. Watu walilikalia wakabishana. Kila asubuhi Lucius alitoa birika lake la umeme, akalichomeka kwa waya uliopita chini ya mlango, na kabla kahawa haijachemka wenye benchi walikuwa wamekwisha kufika. Shemasi alikuwa shemasi kweli, mtu wa mkono wa kushoto aliyedai kuwa hata Mungu alimuumba kwa mkono huohuo. Meya, Bwana Suggs kwa jina, hakuwahi kuwa meya. Aligombea udiwani mara tatu, akaanguka mara tatu, watu wakaona heri wampe cheo cha bure kuliko kumwona akigombea tena. Breki, ambaye kwa mama yake aliitwa Odell Pettway, aliendesha basi la mji mpaka akastaafu, na jina alipewa na abiria waliojikuta mapajani mwa wenzao. Alhamisi hiyo ya Oktoba Breki alifika wa mwisho, amevaa shati la pasi kali na tai nyekundu, na uso wa dereva aliyeachwa na basi lake mwenyewe.

— Mwalimu huyoo! alisema Meya. Leo si siku yako ya shule?

Breki alikaa. Lucius akammiminia kahawa, naye akaitazama tu.

— Mbona umenuna? Au umefunga tai ikakaba mpaka ulimi?

— Nimeachishwa kazi, alisema Breki.

— Kazi gani? Wewe si umestaafu?

— Ya ulezi. Yule mtoto kanikataa.

Shemasi alisonga karibu. Habari ya namna hiyo haisikilizwi kwa mbali.

Ulezi huo ulikuwa wa shule ya kati, mitaa michache kutoka hapo. Wanafunzi karibu wote walikuwa weusi, walimu karibu wote weupe, na ukitafuta mwanamume mweusi mle ndani ulimkuta ameshika fagio. Kwa hiyo shule iliwaita wazee wa mtaa: kila mmoja apewe mvulana wake, wakae pamoja saa ya chakula, wazungumze, mtoto aone kwamba mtu wa rangi yake anaweza kuzeeka akiwa mzima na mwenye heshima zake. Sheria ilikuwa moja, na ilitiliwa mkazo: jina la mtoto lisitoke nje ya shule. Ndiyo maana kwenye benchi hakuna mtoto aliyewahi kutajwa kwa jina. Kila mtu alisema "kijana wangu", kama wafugaji.

— Bi Beal amenipigia asubuhi hii, alisema Breki, akimtaja msimamizi wa mpango. Anasema kijana ameomba, kwa adabu sana, apumzishwe. Kama nataka niende leo mchana nimuage. Kama naona uzito, nisiende, hatanilaumu.

— Sasa utaenda? aliuliza Shemasi.

— Nikienda nimwambie nini? Sijui hata kosa langu. Niambieni nyie. Nina mpaka saa sita kasorobo.

Alisema kama mtu anayeuliza njia tu. Lakini tangu mkewe Mattie afariki, siku zote nyumbani kwake zilifanana. Alhamisi peke yake ndiyo ilikuwa na jina.

— Tuanze na chakula, alisema Shemasi. Ulikuwa unampelekea nini?

— Kambare wa kukaanga. Mkate mweupe. Pilipili ya chupa.

— Hapo ndipo ulipochemsha! alidakia Meya. Wahenga walisema nini? Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ukampelekea aliyekwisha kukaangwa. Atakunjika vipi?

— Meya, hiyo methali haihusu kambare, alisema Breki.

— Inahusu samaki. Kambare ni nani, sungura?

— Mwacheni, alisema Shemasi. Jambo ni hili: ulimwombea kabla ya kula?

— Kimoyomoyo.

— Umeona? Maombi ya kimoyomoyo ni kama barua isiyo na stempu. Mimi kijana wangu wa mpango wa kanisa pale shuleni, mwaka juzi, nilikuwa naomba mpaka chakula kinapoa. Na hakunikataa. Mpango ulipokwisha tulikumbatiana, tukalia.

— Mlilia wote? aliuliza Lucius kutoka mlangoni, wembe mkononi.

— Mimi ndiye niliyelia. Yeye alinipa kitambaa.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye koti la kijivu alikuja taratibu, goti likimsumbua, akauliza kama hapo ndipo basi husimama. Hakuna aliyemjua, na Orange Mound asiyejulikana ni mgeni wa juzi. Breki alisimama akampisha.

— Kaa, bibi. La saa hizi huchelewa, linasubiri treni ipite kwenye njia panda ya reli. Lucius, mpe bibi kahawa.

Mwanamke alishukuru, akakaa mwisho wa benchi, akakumbatia kikombe kwa mikono miwili. Ubishi ukaendelea kama kwamba hayupo.

— Mimi nakwambia kapata mlezi mwingine, alisema Lucius. Siku hizi kuna walezi vijana wanakuja na magari ya umeme yasiyo na mlio. Mtoto akipanda gari lisilo na mlio, atakurudia wewe unayekohoa?

— Wewe kanyoe! alisema Meya. Jambo hili ni la siasa. Sikilizeni. Mpango ule una mfadhili, na mfadhili anataka nini? Picha. Mzee mweusi, mtoto mweusi, wote meno nje, inabandikwa kwenye ukumbi wa benki. Sasa Breki, tusidanganyane, wewe picha hutoki. Ukitabasamu unaonekana mtu anayevumilia jino.

— Hakuna aliyewahi kunipiga picha.

— Si ndiyo ushahidi huo!

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, alisema Shemasi kwa huzuni, akimpapasa Breki begani. Basi lia, ndugu yangu. Methali imeruhusu.

— Silii. Nataka kujua nilichokosea.

— Alhamisi iliyopita mlifanya nini? aliuliza Meya. Twende hatua kwa hatua, kama mahakamani.

— Nilimfundisha tai.

Wote watatu waliitikia kwa kichwa. Hapo hapakuwa na la kulaumu. Katika mtaa ule hakuna mwanamume aliyekwenda kumlea mtoto wa mwenzake bila tai mfukoni. Kila mmoja wao alifundishwa na baba, au mjomba, au jirani, asubuhi ya mazishi ya kwanza ama ya kazi ya kwanza, mbele ya kioo, pumzi ya mtu mzima kisogoni. Mvulana wa miaka kumi na mitatu asiyejua kufunga tai ilikuwa aibu ya mtaa mzima.

— Nikasimama mbele yake, alisema Breki, nikaanza: huu mkia mrefu, huu mfupi. Kabla sijafika popote akaichukua mkononi mwangu akaifunga mwenyewe. Haraka! Tena kinyume, mkia mrefu umekaa kushoto, fundo limeangalia huku badala ya kule.

— Ukafanyaje?

— Nikaifungua. Nikamwambia sivyo, mwanangu, tuanze upya.

— Uliifungua? Tai ya mtu? aliuliza Lucius.

— Haikuwa sawa! Akanisikiliza mpaka mwisho, adabu tupu. Halafu akaifunga tena vilevile, kushoto, akaligonga fundo mara mbili kwa vidole, akasema "Amina".

Kikombe cha Shemasi kilisimama njiani, kati ya goti na mdomo.

— Alisema nini?

— Amina.

— Akagonga mara mbili?

— Mara mbili. Nikadhani ananichezea shere.

— Kijana huyo jino lake la juu, hapa, limemeguka?

Breki alimgeukia polepole.

— Wewe umejuaje?

— Huyo ni wangu! Shemasi alisimama, kahawa ikamwagika kwenye kiatu. Huyo ndiye kijana wangu wa mpango wa kanisa! Ile tai ni yangu! Mimi ndiye ninayefunga kushoto, mimi ndiye ninayegonga na kusema Amina! Na wewe ukaifungua, Odell? Ukaifungua kazi ya Bwana?

Meya alicheka mpaka akashika ukingo wa benchi.

— Jamani! Walezi wawili, mtoto mmoja! Mmemlea kwa zamu kama baiskeli ya kuazima! Shemasi anafunga, Breki anafungua. Mafahali wawili hawakai zizi moja, ndiyo maana mtoto kawatoroka wote!

— Cheka tu, alisema Breki. Lakini kuna kitu kingine sijakielewa. Tukiagana kila Alhamisi hunipa mkono huu, halafu anaufunika kwa ule mwingine, ananikazia macho, ananiuliza: "Naweza kukutegemea?"

Kicheko cha Meya kilikatika kama redio iliyong'olewa waya.

— Anauliza nini?

— "Naweza kukutegemea?"

— Mikono miwili?

— Miwili.

— Hiyo ni salamu yangu ya kampeni, alisema Meya kwa sauti ndogo.

— Wewe naye! alisema Shemasi.

— Mwaka jana. Klabu yetu ya uongozi, kila Jumanne mchana, palepale shuleni. Nilimfundisha: mshike mtu mikono miwili, mwangalie, muulize kama unaweza kumtegemea, na usimwachie mkono mpaka ajibu.

— Ndiyo maana hukushinda hata mara moja, alisema Lucius. Watu walikuwa wanaogopa mikono yao.

Wote watatu wakatazamana kama waume wa mke mmoja waliokutana mlangoni. Kisha, kwa pamoja, wakagundua kwamba Lucius hakushangaa.

— Lucius, alisema Breki. Ulijua.

— Nilijua.

— Tangu lini?

— Mtoto nanyoa mimi kichwa chake, nisijue? Anakaa kitini, anaeleza. Ya kwenye kiti hayatoki nje, nyie wenyewe mnafaidi sheria hiyo. Mngependa nitangaze ya kwenu?

Hakuna aliyependa.

— Lakini kwa vile mmekwisha kufumana, alisema Lucius, nitawaambia. Kila mpango ukiingia pale shuleni, wa kanisa, wa klabu, wa benki, anayetolewa ni yeye. Hachelewi, hajibu ovyo, anasema "ndiyo, bwana". Mgeni akikaa naye anaondoka ameridhika na nafsi yake. Aliniambia juzi: "Bwana Lucius, tai nimekwisha kufundishwa. Saa ya chakula nataka kukaa na wenzangu tu, wanacheza karata."

— Sasa kwa nini asiseme tangu mwanzo? aliuliza Breki. Mwaka juzi, mwaka jana, kwa nini asiseme?

Lucius aliukunja wembe wake.

— Alisema anawaonea huruma. Ati mkikaa naye mnachangamka.

Neno hilo lilishuka kwenye benchi likatafuta pa kukaa. Breki alilisikia likikaa kwake. Zamani kidogo, kabla ya Alhamisi kuanza, alikuwa akila amesimama jikoni, kwenye sufuria, ili asichafue sahani moja. Sasa kila Jumatano jioni alipiga shati pasi.

Meya ndiye aliyeinua kidole kwanza.

— Basi nimeelewa. Jamani, nimeelewa! Ule mpango si wa watoto. Ni wa wazee.

— Umeanza, alisema Shemasi.

— Subiri! Shemasi, wewe na mwanao wa Detroit mlikuwa hamsemeshani. Ulianza kumpigia simu lini?

Shemasi alihesabu kimoyomoyo, akakunja uso.

— Mwaka juzi.

— Mwaka juzi! Na mimi niliacha lini kugombea?

— Mwaka jana, alisema Lucius. Mtaa mzima ulishukuru.

— Mwaka jana! Mtoto alinishika mikono miwili, akaniuliza, "Bwana Suggs, hivi wewe unapenda udiwani au unapenda kupiga hodi kwa watu?" Nilikosa usingizi wiki nzima. Kumbe alikuwa kazini! Alinistaafisha kwenye siasa bila mimi kujua!

— Kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa tunalelewa? aliuliza Shemasi.

— Sisi! Mji umeona wazee weusi tumezagaa kwenye mabenchi, tunakunywa kahawa, tunaharibu methali. Wakakaa wakafikiri: tuwatafutie walezi. Nakwambia kuna mahali Nashville, kwenye serikali ya jimbo, chini ya ardhi, wanafundishwa watoto wa namna ile. Somo la kwanza: kumsikiliza mzee hadithi moja mara nne bila kupiga miayo. Somo la pili: kujifanya hujui tai.

— Hilo la pili alifeli, alisema Lucius.

— Mimi nasema ni malaika, alisema Shemasi.

— Malaika anakula kambare na pilipili?

— Malaika wa Memphis anakula.

— Basi Breki umefuzu! Meya alimpiga mgongoni. Hukufukuzwa, umehitimu! Mtoto kakuona umepona, anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Nenda saa sita ukachukue cheti chako, piga magoti, useme asante mwalimu.

Wakacheka, hata Shemasi, hata Breki kidogo. Kicheko kikawapa wepesi, na pengine kingewafikisha mpaka saa ya chakula, Breki asiende popote, aseme kesho kwamba aliona uzito.

— Samahani, wazee, ilisema sauti mwisho wa benchi.

Walimgeukia mwanamke wa koti la kijivu. Walikuwa wamemsahau kabisa. Kahawa yake ilikuwa nusu, naye amekishika kikombe vilevile kwa mikono miwili.

— Mimi ni Earnestine Tuggle. Nimehamia kwa binti yangu kutoka Chicago, mwaka wa pili huu, lakini sitoki sana kwa ajili ya goti. Mjukuu wangu yuko shule hiyohiyo. Darasa la saba.

— Karibu sana, Bi Earnestine, alisema Meya, na mkono wa pili ukaanza kwenda wenyewe. Aliuwahi akaurudisha.

— Asante. Ninakwenda huko sasa hivi, nimeitwa. Ametolewa nje ya darasa tena. Nimesikiliza mazungumzo yenu, ni mazuri, nimecheka. Kuna jambo moja tu sijalipata.

— Uliza, bibi. Hapa tunajibu yote.

— Huyo mmoja alipokuwa na nyie watatu, wangu alikuwa na nani?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyouliza kituo cha basi. Lucius alitazama waya wake chini ya mlango.

— Haba na haba... alianza Meya, akaona inakoelekea, akaiacha.

Breki alikiweka kikombe chake chini.

— Aliwahi kuitwa kwenye mpango? aliuliza.

— Hata siku moja. Nilimuuliza yule Bi Beal. Akaniambia walezi wanajitolea, hataki mtu avunjwe moyo siku ya kwanza.

— Kwani ni mkorofi?

— Sana, alisema Bi Earnestine. Wiki hii alimwambia mwalimu wa historia arudi nyumbani akasome tena ukurasa wake.

— Mwalimu alikuwa amekosea?

— Alikuwa amekosea. Lakini kuna namna ya kusema. Nyumbani hasemi kabisa. Anaingia chumbani, anafunga mlango. Baba yake hayupo, na mimi na mama yake akitutazama anaona wanawake wawili wanaotaka aoge.

— Anaitwa nani?

Shemasi alikohoa.

— Odell. Sheria. Jina la mtoto...

— Mimi ndiye bibi yake, alisema Bi Earnestine. Kama mimi siwezi kulitaja, basi litatajwa na wanaomtoa nje tu. Anaitwa Roshaun.

Jina lilitua pale hadharani, jina la kwanza la mtoto kusemwa kwenye benchi lile, na hakuna kilichoanguka. Kule mwisho wa barabara basi lilikata kona. Breki aliligundua kabla halijaonekana, kwa kusikia jinsi dereva alivyochelewa kukanyaga breki.

Alisimama. Kwanza angempa mkono yule kijana mwingine, aliwaza, amwambie aende akacheze karata zake, na amwambie asante, bila kupiga magoti. Hilo lingechukua muda mfupi. Halafu angemtafuta Bi Beal, amwombe Roshaun, naye Bi Beal angemtazama kwa huruma, amwambie huyu si rahisi, Bwana Pettway, ungeanza na mwingine.

— Unakwenda kumfundisha nini? aliuliza Shemasi.

— Sijui.

— Huwezi kwenda bila kitu cha kumfundisha.

— Nakwenda hivyohivyo.

Alimpa Bi Earnestine mkono, akamnyanyua, wakangoja goti litulie.

— Anapenda kula nini? alimuuliza.

— Roshaun? Yule hali mbele ya mtu asiyemjua. Ataikaza shingo tu, akuangalie, mpaka kengele ilie.

— Basi leo, alisema Breki, tutashinda na njaa wote wawili.